Msimfukuze Kuku

(Maneno niliyowaambia washairi wenzangu, Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Palipokuwa na marudio nimepunguza.)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mlioko nyuma chini ya feni, marahaba, maana najua mlikuwa mbioni kuniamkia.

Nimepewa saa moja nizungumze juu ya "kupiga msasa mashairi". Ndivyo ratiba inavyosema, na aliyeiandaa nimeshamwomba radhi kwamba nitaanza kwa kugombana na neno lenyewe. Msasa kwa seremala huja mwisho. Kiti kimeshakuwa kiti, miguu minne imesimama, mtu anaweza kukalia. Fundi anasugua tu ili kisimchome mtu. Sasa tutazame sisi tunavyofanya. Tunahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, zimetimia. Tunaangalia vina, vimekaa. Pana neno linachechemea, tunalibadili. Halafu tunasema shairi limepigwa msasa, tunalituma. Hakuna aliyeuliza kama kile kiti kinakalika.

Mashairi yetu mengi yanakufa yakiwa na mizani kamili. Nimesoma mengi, nimetunga mengi zaidi ya hayo, na naona ugonjwa ni mmoja: mtunzi amemaliza kila kitu humo ndani. Amehuzunika kwa niaba yetu, ameelewa kwa niaba yetu, amesema amina kwa niaba yetu. Msomaji akifika hana pa kutia mguu. Shairi la namna hiyo haliponi kwa msasa. Lataka tezo, ile ya kuchongea mti.

Sitachukua shairi la mtu hapa nikalichana mbele ya watu; nina langu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyumba Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Alipofariki nilitunga shairi la beti 12, nikalisoma siku ya arobaini, watu wameshakula pilau na wageni wameondoka, tumebaki sisi wa nyumbani. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ewe bibi wa thamani, hakika ulinipenda,
Ulinilea nyumbani, ukaniongoza kwenda,
Nakukumbuka moyoni, machozi yananitanda,
Mola akulaze pema, peponi penye matunda.

Hesabuni. Haina kasoro. Nilisoma kwa sauti ya kughani, nikamaliza, watu wakasema mashaallah. Shangazi yangu alikuwa nje anaosha masufuria, alisikia kupitia dirishani. Akaingia anajifuta mikono kwenye kanga, akaniambia: "Shairi zuri, mwanangu. Umemtungia nani?"

Nikamjibu, si bibi!

Akasema, "Bibi yupi?"

Hakuwa ananikejeli. Nina bibi wawili, na yule mzaa mama wakati ule alikuwa hai, yuko Muheza, ana mguu unamsumbua. Shangazi alitaka kujua kweli. Beti 12 za tarbia, mistari minne kila ubeti, mizani 768, na mwanamke aliyemzaa yeye hayumo hata katika moja.

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikachukua penseli nikalirudia lile shairi, nikapigia mstari kila neno nililoliweka kwa sababu ya kina au mizani tu. Jaribuni na lenu leo usiku, lakini msifanye mbele ya watu. "Thamani" liliingia kwa sababu nilitaka -ni. "Hakika" liliingia kwa sababu zilikuwa zimepungua mizani tatu; hakuna mtu pale arobainini aliyekuwa na shaka. "Moyoni": watu wengine hukumbuka kwa wapi? "Ukaniongoza kwenda": kwenda wapi? Mpaka leo sijui, nilikuwa natafuta -nda. Na ile "peponi penye matunda", ndugu zangu, peponi matunda yapo, imeandikwa, sina ubishi. Lakini bibi yangu aliuza maembe dodo kibarazani miaka yote ya utoto wangu, na sikumbuki kumwona akila hata moja. Hilo ndilo lingekuwa shairi! Badala yake nimempa matunda ya kina.

Maneno hayo mimi nayaita kokoto. Mwashi akijenga kwa mawe, mahali pakibaki uwazi anashindilia kokoto na chokaa. Kwenye ukuta ni halali. Lakini ukuta wote ukiwa kokoto, jiwe liko wapi? Kila mshairi ana kokoto zake za mfukoni: "kwa yakini", "nawambia", "bila shaka", "sikizani", "jamani", "wallahi". Nyingine ni za kurithi na zina heshima zake, mtu akizitia mwanzoni kuita watu wakae, sawa. Ila zikija katikati ya ubeti, mara nyingi utakuta mtunzi alikuwa amechoka pale.

Naomba nisieleweke vibaya, hasa na wazee wangu wa mbele. Sisemi vina ndivyo vinavyoua. Ugomvi ule wa vina na mizani tumeupigana tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake mwaka 1974 bila vina, watu wakakaribia kushikana mashati. Mimi niliuchoka zamani. Kilichonisikitisha ni kwamba uliwafanya vijana waamini kwamba kulifungua shairi, yaani kumwachia msomaji pa kutia mguu, maana yake ni kuvunja vina. Nimeletewa mashairi huru yaliyofungwa kuliko jela. Hayana kina hata kimoja na kila mstari ni mahubiri.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga cha mwaka 1954, alitaka ubeti ujitosheleze. Tunaishika sana sheria hiyo, na tunaisoma vibaya. Ubeti kujitosheleza ni kwamba ukisimama peke yake una maana. Hakuna mahali ulipoambiwa umalize maneno yote ya duniani. Mtu anaweza kujitosheleza na bado akawa na siri zake.

Turudi Ngamiani. Miezi kadhaa baada ya arobaini nilikwenda kumsalimia shangazi, yeye ndiye aliyebaki kwenye nyumba. Nikatoka uani kunawa. Karibu na pipa la maji ilikuwepo mbuzi ya bibi, ile ya kukunia nazi, ya kukunja, meno yameshika kutu. Juu yake amelala kuku. Amejikunyata pale kwenye kikalio kama amekodi. Nikamwambia "shh!", nikainua mkono. Shangazi akasema toka jikoni, wala hakutoka nje: "Mwache. Mwache akae."

Basi. Shairi lilikuwa hapo, nami nilikuwa nimemaliza beti 12 bila ya kwenda uani.

Nilirudi nyumbani nikaandika:

Mbuzi yako i uani, kuku ameikalia,
Meno yake ya zamani, kutu imeyaingia,
Hakika nina huzuni, bibi umenikimbia,
Mola akulaze pema, peponi penye matunda.

Angalieni jinsi mtu asivyoacha. Mistari miwili ya juu imepata uhai, halafu mtunzi akaingiwa na hofu. Akaona watu hawataelewa kwamba anahuzunika, akaamua awaambie. "Hakika nina huzuni." Hakika tena! Mshororo wa tatu unawageukia wasomaji na kuwaeleza yale mawili ya juu yalikuwa na maana gani. Na kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudi kila ubeti, kimebaki kilekile cha zamani, nimekiogopa kukigusa kwa sababu ni dua, na dua haifutwi. Siku nyingi nilikaa na hali hiyo. Siri ni kwamba dua niliiomba nyumbani kwangu, kwa Kiarabu kibovu na Kiswahili kizuri, wala haikuhitaji mizani. Shairi nikaliondolea.

Ndipo likawa hivi:

Mbuzi yako i uani, kuku ameikalia,
Meno yake ya zamani, kutu imeyaingia,
Nazi mbili mlangoni, nani atatukunia,
Msimfukuze kuku, kiti kisikae tupu.

Nitasema machache juu ya mabadiliko haya, halafu niyaache, maana shairi likielezwa sana linarudi kule kule tulikotoka.

La kwanza ni hilo neno "yako". Lugha yetu imetupa zawadi hapa. Ningesema "mbuzi wako", angekuwa mnyama, angekula majani. "Mbuzi yako", na kila anayejua Kiswahili ameshaona kikalio, ulimi wa chuma, na mwanamke aliyeketi upande na sinia mbele yake. Sikumtaja bibi, na yumo. Mara nyingi tunapoongeza sifa, "bibi mpole, bibi mwema, bibi karimu", upatanisho mmoja wa sarufi ungefanya kazi yote.

La pili ni wakati wa kitenzi. Mistari miwili ya juu ya ubeti wa mwanzo yote ilikuwa "ulinipenda, ulinilea, ukaniongoza": -li- na -ka-, hadithi imekwisha, kitabu kimefungwa. Ubeti huu hauna -li- hata moja. Mbuzi i uani. Kuku ameikalia, bado kaikalia, ukienda sasa utamkuta. Kiswahili kikisema "ame-" jambo limetendeka na hali yake ipo, haijaondoka. Ukiwa na shairi lililolala, pitia viambishi vyake vya wakati kimoja kimoja kabla hujagusa kitu kingine. Ni kazi ya robo saa.

La tatu ni zile nazi mbili. Sikuziona siku ile, nakiri. Nilizileta kwa sababu mshororo wa tatu ulitaka kitu ambacho mtu anaweza kukishika, na kwa sababu nyumba ya kwetu nazi haikosekani. Uongo? Ndiyo. Mshairi si askari wa usalama barabarani, haandiki ripoti ya ajali.

Na kibwagizo kilitoka mdomoni mwa shangazi. Yeye alisema "mwache akae". Hiyo sababu ya kiti kutokaa tupu niliiongeza mimi, na kila nikiisoma sina uhakika kama niliiongeza au ndiyo aliyokuwa nayo jikoni akanyamaza.

Kibwagizo, jamani. Tuna chombo ambacho washairi wa lugha nyingine wangekililia, nasi tunakitumia kama mhuri wa posta. Mkarara unarudi kila ubeti. Usipobadilika maneno, basi maana na ibadilike. Katika shairi hili nilifuta beti saba, zikabaki tano. Ubeti wa nne ni huu:

Ndugu wamo barazani, nyumba waigawania,
Futi kamba mkononi, ukuta waupimia,
Wamefika na uani, mkono wampungia,
Msimfukuze kuku, kiti kisikae tupu.

Maneno ni yaleyale ya ubeti wa kwanza, lakini sasa kuna mtu anafukuzwa kweli. Kama lilitokea au halikutokea, hiyo ni habari ya ukoo. Niliposoma mbele ya ndugu zangu, mmoja alicheka na mwingine alitoka nje kuvuta sigara. Sikuwa nimemtaja mtu. Ningeandika "enyi ndugu acheni tamaa", wote wangeitikia kwa kichwa, na kila mmoja angejua nimemsema mwenzake.

Nilipomaliza nikajiona nimegundua kitu. Ndege juu ya kitu cha marehemu! Halafu nikakumbuka kwamba kuku wangu ana babu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19, anaingia katika majumba yaliyobomoka ya matajiri wa mji wake, na kwenye vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya thamani, anawaona makinda wa ndege wamelala. Ana mengi ya kusema kuhusu dunia na maangamizi, na anayasema bila kuficha, alikuwa mtu wa dini. Lakini ukimwuliza mtu yeyote aliyesoma utendi wake huo, Al-Inkishafi, anakumbuka nini, atakuambia vidaka na ndege. Miaka karibu 200 na wale makinda hawajaruka.

Hapo najua kuna mtu ameshainua mkono moyoni mwake: "Mwalimu, unataka tuache mawaidha? Ushairi wa Kiswahili ni mawaidha!" Kweli ni mawaidha. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, wote ni wasia, na hakuna aliyewahi kusema umekufa. Lakini angalieni anavyoanza. Anamwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi. Ni mama mgonjwa, anajua siku zake. Kuna mdomo unaosema, kuna sikio, kuna karatasi inayoshikwa na mkono wa msichana. Mawaidha yenye mtu huingia. Mawaidha yetu sisi mengi hayana anayesema wala anayeambiwa. Ni spika ya mnadani imeachwa inawaka na watu wameshakwenda zao.

Kuna binti mmoja katika kikundi chetu, leo hakuja, sitamtaja kwa sababu hajaniruhusu. Aliniletea shairi huru juu ya rushwa. Rushwa ni adui wa haki, inaua taifa, vijana tuamke. Mistari 30 na kitu. Nikamwuliza, wewe umeiona wapi rushwa? Akacheka, tukawa tunakunywa chai, akaanza kunisimulia siku alipompeleka mama yake mahali kupata huduma. Alisimulia vizuri hata chai ikapoa. Nikamwambia, nenda kaandike hiyo. Alirudi na hii:

Mama amekunja noti
mara nne
akaitia ndani ya kadi.
Karani akafungua kadi.
Akafunga.
"Pita, mama."
Kadi ikarudi nyepesi.

Ilikuwa na mistari mingine mitatu chini, mmojawapo "hii ndiyo nchi yetu". Hiyo tulikubaliana haraka, akaikata mwenyewe. Tuligombana kwa mstari wa mwisho. Mimi nilisema shairi limekwisha kwenye "Pita, mama". Sauti ile ya heshima, "mama", ndiyo inayouma. Baada yake nyamaza. Uzito wa noti moja ni uzito gani hata kadi ijulikane imekuwa nyepesi? Akaniangalia akasema: "Mwalimu, wewe hukuishika ile kadi. Alinipa mimi niishike."

Mstari ukabaki, na alikuwa na haki. Naleta habari hii kwa sababu mnaweza kutoka hapa mkidhani kulifungua shairi ni kukata mwisho. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, nikawa nakata miisho ya watu kama kinyozi. Kuna mwisho unaoeleza na kuna mwisho unaoshika. Kutofautisha ni kazi, na mara nyingi anayejua ni yule aliyekuwepo.

Habari ya kughani nitaisema upesi kwa sababu nyote mnaijua, mnaipuuza tu. Shairi lisomeni kwa sauti, kwa lahani yenu, jikoni, si mbele ya kioo. Kisha mpeni mtu mwingine alisome, mtu ambaye hajaliona, nanyi mnyamaze. Ulimi wake utakwama mahali. Hapo alipokwama, msimweleze, wekeni alama. Kokoto ulimi huzijua kabla ya jicho. Watoto wangu walikuwa wanaimba "peponi penye matunda" wakicheza rede, wakicheka, na mimi nilidhani wamelipenda.

Vinywa vya watu ndivyo wahariri wetu wa kale. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, mengi yalibaki vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya, akishirikiana na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Sisi tunabonyeza "tuma" wino haujakauka, ingawa siku hizi hakuna hata wino.

Na inkisari, ile ya kufupisha neno ili mizani itimie. Vijana mnaichezea sana. Mtu anaandika "menitoka" kwa sababu "umenitoka" imezidi mizani moja. Sasa nani aliyetoka? Wewe, yeye, au wao? Katika mashairi mengi hilo ni kosa tu, mtunzi alijua na msomaji hajui. Lakini mara moja moja ule utata ndio mlango. Mtu aliyeachwa anaweza kweli kuwa hajui kama anamwambia mwenyewe aliyemwacha au anawasimulia majirani. Kabla ya kufupisha neno, jiulize kama ulichokikata kilikuwa ni mizani tu au ni mtu.

Nionye na upande wa pili, halafu nikae. Shairi linaweza kurudiwa mpaka likafa kifo kingine. Nina moja juu ya bandari, nililirudia miaka minne. Kila mara nilitoa kitu, kila mara lilizidi kuwa safi, mpaka siku moja nikaliona ni safi kama nyumba isiyo na watu. Nilitaka kurudi kwenye rasimu ya pili, ile yenye makosa na kelele za makuli, sikuwa nayo. Nilikuwa nikifuta juu kwa juu kwenye simu. Tangu hapo nina kaunta buku. Naandika kwa mkono, kila rasimu na tarehe yake, sifuti, nachora mstari mmoja juu ya neno ili bado nilisome. La bibi lina rasimu 11. Rasimu ya tano ni mbaya kuliko ya kwanza, na ndiyo yenye zile nazi mbili.

Sasa lile shairi nililidhani limekwisha. Mwezi uliopita nilimpigia shangazi simu nikamsomea lote, beti tano. Alisikiliza kimya, nikasikia redio yake kwa nyuma. Nikamaliza. Akasema, "Ni yeye huyo." Nikamshukuru Mungu, nikataka kukata simu nikiwa bado na furaha. Akasema tena, "Lakini yule kuku si wetu. Ni wa jirani, anaruka ukuta."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Maana kuku wa nyumbani aliyekikalia kiti cha bibi ni jambo moja. Kuku wa jirani, asiyemjua marehemu, anayeachwa akae ili kiti kisibaki kitupu, ni jambo jingine kabisa, na shangazi alilijua siku ile alipopaza sauti toka jikoni. Nimejaribu hivi:

Mbuzi yako i uani, kuku wa watu kalia,

Mizani zimetimia. Lakini ona gharama: "kalia" imepoteza "ameikalia", ile "ame-" niliyowasifia sasa hivi kwa robo saa. Masikio ya watu wengine yataisikia kama amri, "kalia!". Na "kuku wa watu" ni maneno ya shangazi hasa, ndivyo anavyosema, kuku wa watu, mtoto wa watu, mali ya watu. Nikiirudisha "ame-" nampoteza jirani. Nikimweka jirani, kitenzi kinachechemea.

Zote mbili nimeziandika kwa penseli, ukurasa mmoja, moja juu ya nyingine. Kaunta buku iko hapa mezani. Tunakwenda kunywa chai. Mnaopita, someni kwa sauti, nami nitakuwa hapo pembeni nimenyamaza.